Bibi Arusi Hana Masikio

Olumbi, 11 Mei 1974

Hapana, dada, sikulia. Ulibashiri kwamba nitalia mpaka msiro, ile dawa nyeupe ya urembo, unichirizike usoni kama uji, na sasa unauliza kama nililia. Nilicheka. Nilicheka ndani ya shela, mabega yakinitikisika, na wanawake waliojaa chumbani wakadhani ni kilio, wakanipigia vigelegele vya kunipoza. Nitakueleza kilichonichekesha. Lakini nitazame nilivyolewa furaha, nimeanza kujibu kabla sijakuamkia!

Shikamoo, dada yangu mpenzi Somoe. U hali gani wewe na watoto? Shemeji Mshamu hajambo, na kile kikohozi chake cha masika kimemwacha? Mimi mdogo wako Mastura ni mzima, mzima kupita kiasi, nakula mara mbili ya zamani na kulala kama mtu asiye na vita jirani. Mume wangu Ossufo anakuamkia kwa heshima zote. Barua hii anakuletea yule mtu wetu wa chumvi anayevuka mto kule Kionga, kwa hiyo naandika bila kuogopa macho ya Wareno wa ofisi ya posto.

Niruhusu kwanza nimsifie mume wangu kidogo, halafu nitaacha. Dada, sikujua kwamba mtu anaweza kukaa nyumba moja na furaha yake na kuisikia ikikohoa barazani! Cherehani yake iko pale nje, na mimi ndani nasikia mguu wake ukikanyaga, najua anaposhona moja kwa moja na anapogeuza kona. Ncha ya kidole chake cha shahada imechomwa na sindano miaka mingi mpaka imekuwa ngumu kama punje ya mahindi, na anaponigusa shavu naisikia ile punje. Kule Porto Amélia shuleni masista walitufundisha mashairi ya Kireno ya mapenzi, nikayakariri yote nisiyaelewe. Sasa nayaelewa, na naona hao watunzi hawakuwahi kuolewa na fundi cherehani.

Hereni alizoniagizia Mocímboa hazikufika, maana lori lilikanyaga bomu barabarani. Dereva alipona, hereni hazikupatikana. Na wewe unazijua sheria za Bi Atija, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kungwi wako pia: bibi arusi wa fungate hatoki, hanyanyui macho, hasemi na mtu, na yeyote mwenye haki ya kuisikia sauti yake, hata akishatoka ndani, lazima kwanza amtie kitu mkononi, kiwe kidogo namna gani. Nakukumbusha kwa sababu mbele utaihitaji. Basi Ossufo wangu, mikono mitupu, akavua subana yake ya shaba kidoleni, ile aliyorithi kwa baba yake, akaniwekea kiganjani. Nami nikasema neno langu la kwanza kama mke. Nilimwambia atajichoma.

Nimesema nitaacha. Naacha.

Ijumaa ile nilipoingizwa chumbani ndipo habari za Lisboa zilipoingia Olumbi. Nyinyi huko Mtwara mlizisikia hadharani. Sisi tulizisikia kwa redio ya Dar iliyofunikwa mto wa kulalia. Kwamba askari wao wenyewe wamemgeukia mkubwa wao, yule aliyewashika wao na sisi kwa ngumi moja. Kwamba watu walikatazwa kutoka nyumbani wakatoka wote. Kwamba wanawake wanatia maua kwenye midomo ya bunduki. Ossufo aliponinong'oneza hilo la maua, nikaona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, nikalichukua kuwa ni zawadi ya arusi yetu. Nikajiambia kwamba kesho Olumbi nayo itatoka barabarani.

Olumbi haikutoka barabarani. Olumbi ilikuja chumbani kwangu.

Fikiri mwenyewe. Hakuna mwanamume, awe sipai, polisi mwenyeji wa posto, awe askari wa Kireno, atakayethubutu kuingia chumba cha fungate, na hakuna mwenye haya atakayeinama kupekua chini ya kitanda cha bibi arusi. Watu wa hapa hawakuchelewa kuliona hilo. Wa kwanza alikuwa mkaza mjomba, Bi Mwanvua. Aliingia na kitu kipana kilichofungwa kwa kapulana, leso yake ya kujifunga, akamwambia Bi Atija kwamba ameleta kioo cha kunitazamia. Kapulana ikateleza. Ilikuwa ile picha ya mkubwa wa Lisboa, ya fremu nyeusi, iliyokaa juu ya kiti cha Mjomba Shaweji tangu alipohamia nyumba ya baba yetu "kuitunza", ile ambayo kila mgeni alipaswa kuisifu kabla hajapewa kahawa. Mkaza mjomba alipiga magoti, akaisukuma chini ya kitanda changu, uso chini, akasema maskini mzee wa watu. Ndipo nilipocheka.

Baada yake wakaja wengine, kila mmoja na kisingizio chake na sahani ya vitumbua. Mke wa Gaspar, yule sipai, alileta palmatoria ya mumewe ndani ya kikapu cha mchele, kile kibao chenye matundu kilichovimbisha viganja vya nusu ya wanaume wa hapa. Mke wa mwenye duka alileta bendera za sikukuu za serikali. Kiongozi wa ngoma ya tufo alileta mishipi ya kijani na nyekundu ambayo kikundi kizima huivaa wanapomchezea chefe, Mreno mkuu wa posto. Kitanda kilijaa mpaka Ossufo alipoketi kula na mimi, kioo cha ile picha kikalia chini yetu. Tulitazamana. Dada, kule Lisboa walitia maua kwenye bunduki; sisi tulitia palmatoria chini ya godoro.

Usidhani walikuwa wameamua lolote. Jumatatu alipita sajini mmoja kutoka Mocímboa, akasema redio ni uongo, mkubwa yupo kazini na atawanyonga walioshangilia. Kabla ya adhuhuri walikuja mbio wote kutaka vitu vyao. Bi Mwanvua alisema mjomba anahitaji kioo anyolee ndevu. Picha ikarudi ukutani, Ossufo akaniambia imepindia upande, na mjomba amekaa chini yake amevaa suruali ya kaki akingoja aonekane na mpita njia. Jumatano ikaja habari kwamba Lisboa nzima inaimba barabarani na magereza yanafunguliwa. Picha ikarudi chini ya kitanda hata haijapata vumbi.

Na ndimi zao! Jumamosi mke wa Gaspar alikaa miguuni pangu akasema Wareno wa siku hizi hawana adabu, mtu gani anampindua baba yake. Alhamisi, kwenye mkeka ule ule, akasema yeye tangu zamani alikuwa akisema yule mzee ni shetani, ila alikuwa akisema moyoni. Mwenye duka alimtumia mkewe aulize Bi Atija kama anafahamiana na mtu yeyote kati ya wapiganaji wa msituni, hata wa mbali, hata aliyekufa. Wale wa tufo walikuja kufanya mazoezi chini ya dirisha langu ili wawe tayari kuwapokea wakombozi. Dada, ulikuwa wimbo ule ule wa kumpokea chefe, baba yetu mwenye kivuli kipana, tukimbilie kwako tupumzike. Wameng'oa jina moja wakatia jingine, kama mtu anayebadilisha foronya bila kufua mto. Mmoja akasahau akaimba jina la zamani, wenzake wakamfinya mpaka nikasikia yowe.

Upande wa wanaume nilikuwa naupata kwa Ossufo, maana baraza ya fundi haikosi watu. Gaspar alimletea koti lake la posto akitaka vifungo vya shaba vitolewe. Huku akisubiri alieleza kwamba yeye alikuwa anapiga watu polepole, kwa huruma, na aliyepigwa naye ashukuru hakupigwa na mwingine. Ossufo akamjibu kwamba vifungo atavitoa, lakini matundu yake yatabaki. Chefe mwenyewe anakaa kwenye ngazi ya posto akiwauliza wanaopita na maji, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kama wanampenda. Wanamjibu ndiyo. Wamezoea. Na askari wao wanacheza karata mchana kutwa, wanataka kwenda kwao, na hao angalau hawamdanganyi mtu.

Sitaki uone kwamba namtenga mume wangu. Yeye pia alishona sare za posto, miaka mitatu. Lakini walipomuuliza barazani atasema nini siku wenye nchi wakifika, alisema atasema alishona. Wote walimcheka wakamwita mjinga. Nilimsikia kupitia ukuta, na pale pale, dada, nikampenda upya kuanzia mwanzo.

Sasa nifike kwa Mjomba Shaweji, maana yeye ndiye anayekuja kwenu.

Ijumaa ya kutoka kwangu ndani, baada ya swala, alisimama mbele ya msikiti akawazuia watu wasiende. Alisema sasa siri inaweza kutoka. Kwamba yeye na marehemu Mwinyimadi, shemeji yake, baba yetu, walikuwa kitu kimoja. Kwamba mpunga uliopelekwa msituni waliupeleka wawili. Kwamba alikubali kuwa kabu, msimamizi wa posto juu ya wenyeji wenzake, ili awachunguze Wareno kwa karibu, na kila alipoipigia saluti ile bendera, moyoni alikuwa akiilaani. Alilia kwa machozi. Kisha akamtaja Cosme. Alisema yule Mmakonde aliyemuuza baba yetu yuko Mbau anakula korosho zake kwa raha, na kwamba yeye, Shaweji, atavuka mto kwa miguu yake mwenyewe akalitie jina la Cosme mikononi mwa wakubwa wa wapiganaji. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi yale yale ya sikukuu za serikali, hata mpangilio wake.

Unajua lililompata baba, na mimi nalijua kwa kusimuliwa na wewe, kwa kuwa nilikuwa mdogo: kwamba alijificha kwenye dungu la kulindia mpunga, kwamba Cosme, jirani yetu wa shamba, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, kwamba polisi wa siri walikwenda moja kwa moja mpaka dungu lile bila kuuliza njia, na kwamba baba alipelekwa gereza la kisiwani hatukuletewa hata kofia. Nani mwingine angesema? Ndivyo tulivyoulizana. Ulimtemea Cosme mate sokoni alipokuja kutupa pole na mkewe Domingas, na kila mtu akaona ni haki. Walihama mwezi ule ule.

Na katika barua yako ya juzi unaniambia kwamba mjomba ameshatuma salamu, na kwamba Shemeji Mshamu, kwa kuwa anafanya kazi kwenye ghala la chama na wakubwa wanamwamini, yuko tayari kumshika mkono na kumsimamia. Unasema unafurahi kwamba hatimaye damu ya baba itapata mtu wa kuisemea. Dada, mtu aliyetajwa wakati wa vita hapati siku ya kujitetea. Shemeji akisema neno moja juu ya mjomba, neno la mjomba juu ya Cosme litakuwa kweli, na litakwisha kuwa kweli kabla jua halijazama. Ndiyo maana naandika kwa haraka hivi, na ndiyo maana nimecheka sana kurasa zilizopita, nipate nguvu ya kufika hapa.

Kama umesimama, kaa.

Jumatano ile Bi Mwanvua aliporudisha picha chini ya kitanda, alikuwa na kitu kingine kwenye upindo wa kapulana yake. Ni medali, ya utepe, ile ambayo mjomba alikuwa akituambia alipewa kwa kuhimiza watu walime pamba. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, shuka mpaka kichwani, kama nilivyofundishwa. Alimwambia Bi Atija kwamba vya wengine vikionekana watachekwa, lakini hiki kikionekana watakufa, kwa sababu medali za wengine ni za kupiga makofi na hii imechorwa nyuma mwaka aliochukuliwa Mwinyimadi. Bi Atija akakohoa. Nikajua ananionyesha kwa macho. Mkaza mjomba akacheka kidogo. Akasema, "Huyu? Wacha wee, bibi arusi hana masikio."

Akaendelea, dada. Nadhani lilikuwa limemkaa miaka tisa na alitaka kulitua mahali, akaona chumba changu ni mahali pa kutulia vitu. Alisema walimwita mjomba posto wakamwambia achague, wamchukue yeye au awaonyeshe dungu. Akawaonyesha. Alikwenda nao yeye mwenyewe, akasimama kwenye majaruba nyuma ya minazi ili shemeji yake asimwone. Cosme alikuwa akibeba chakula tu, chakula ambacho Bi Mwanvua mwenyewe alikipika. Na kwa kuwa Cosme alikuwa mtu wa bara, Mkristo, asiye na ukoo hapa wa kumgombea, lawama ilimkaa vizuri kama shati la kupimiwa. Hata hawakuhitaji kusema, alisema. Watu walijisemea wenyewe.

Sikutikisika. Nilikuwa na subana ya Ossufo ndani ya ngumi, nikaibana mpaka ikanichora duara kwenye kiganja. Bi Mwanvua alipotoka, medali ilibaki kwa Bi Atija. Baadaye alimwambia mkaza mjomba kwamba ile medali ameitupa chooni, hakuna atakayeiona tena, akashukuriwa sana. Lakini siku ya kunitoa, alipokuwa ananipaka msiro, aliufumbua mkono wangu akaiweka ndani, akaufumba tena. Nilimwambia Ossufo peke yake. Hakuapa wala hakupiga ukuta, dada. Alivuta sindano, akaishonea medali ndani ya upindo wa kapulana yangu ya safari, kwa mishono midogo ambayo mtu asiyejua hataiona.

Ossufo pia alimtumia Cosme habari akimtaka ajiepushe kidogo. Cosme amejibu kwamba hahami tena, kwa kuwa alihama mara moja na kuhama kwake kukafanywa ushahidi. Kuhusu wewe hakusema lolote. Domingas ndiye aliyeuliza kama kile kinu alichokuazima kabla ya mambo yale bado kipo. Kipo, dada. Kiko uani, Bi Mwanvua anatwangia.

Sasa sikiliza tunavyokuja. Mjomba ana guia ya chefe mfukoni, kibali cha kwenda Palma, na salamu za makamarada mdomoni za kuvukia Kionga; amejitayarisha pande zote. Ametuomba mimi na Ossufo tufuatane naye, kwa sababu mtu anayempeleka bibi arusi kwa dada yake mkubwa anaonekana mtu mwema hata kabla hajafungua kinywa. Nimemkubalia kwa kuinamisha kichwa. Alifurahi, akasema nimelelewa vizuri.

Mwambie Shemeji peke yake, na asimwonyeshe mjomba uso mbaya. Mpikieni. Mpeni kiti chenye mgongo. Shemeji awaalike hao wakubwa waje wakae wamsikilize, na mtu asimkatize, hata akidai ni yeye aliyetia maua kwenye bunduki za Lisboa. Mimi nitakuwa kwenye mkeka nyuma yake, msiro mpya usoni, macho chini. Atanisahau, kama wote walivyonisahau. Akishamaliza kulia, na akishalitaja jina la Cosme, hapo ndipo uinuke wewe, dada mkubwa, uje unitie kitu mkononi unisemeshe kama desturi inavyotaka. Usihangaike na dhahabu. Rili ya uzi mweusi inatosha, Ossufo ataitumia. Mara tu itakapogusa kiganja changu nitasema, na mkasi wa kufumulia upindo nitakuwa nao.

Nisalimie Shemeji, uwabusu watoto wote, uwaambie mama yao mdogo ameolewa na mwanamume mzuri kuliko wote kusini na kaskazini ya mto. Na kama bado una ile hasira yako ya sokoni, ihifadhi, usiimalize kabla hatujafika.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Mastura wa Ossufo

Safisha chumba cha uani na uweke rili karibu. Tutakuwa mlangoni kwako, sote watatu, kabla mwezi huu haujaisha.